Ndubi Ikae Upande wa Joshi

Mafinga

Mwanangu Tumpe,

Marahaba. Mchoro wako wa chombo cha tanga nimeupata. Mama yako anauliza kwa nini usichonge ngalawa ya kawaida, yenye ndubi mbili, yale maelea ya pembeni. Nimemweleza kuwa hiki ni chombo cha watu wa Pasifiki: ndubi ni moja, hukaa upande wa joshi, unakotoka upepo, siku zote, na uzito wake ndio unaozuia chombo kisilale. Ukitaka kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kugeuza pande, hupitishi omo (mbele ya chombo) kwenye upepo. Unalegeza tanga, unalizungusha, na iliyokuwa tezi, yaani nyuma, inakuwa omo.

Mlingoti wako mmoja wa katikati ndio sijaukubali. Tanga la Kichina sehemu yake kubwa hukaa nyuma ya mlingoti, kwa hiyo omo litakimbilia upepo kila mara, nawe utapigana na kasia mpaka uchoke. Weka milingoti miwili na matanga mawili madogo. Ukikaza la mbele na kulegeza la nyuma, omo litaukimbia upepo. Ukifanya kinyume, litaurudia. Na milingoti isimame yenyewe, bila kamba upande wa demani, unakoelekea upepo, maana huko ndiko tanga hupita likizungushwa.

Tanga lenyewe umechagua vizuri. Mbavu zake, zile fito zinazolipita kwa upana, hugawana mzigo, kwa hiyo turubai la dukani linatosha, na tundu likitokea haliendi mbali. Upepo wa mwera ukizidi unalegeza henza tu, kamba ya kupandishia tanga, pande za chini zinajikunja zenyewe. Mianzi ya mbavu nitakukatia huku, iliyokomaa. (Ile inayogemwa ulanzi haifai, usidanganywe na bei.)

Ninachohofia ni Matema, huko Ziwa Nyasa. Milima ya Livingstone inaingia ziwani kama ukuta, na upepo ukiigonga unaweza kukugeukia ghafla. Chombo hiki kikipigwa na upepo upande usio wa ndubi, matanga yanabanwa kwenye milingoti na ndubi inasukumwa chini ya maji. Wapo wanaochonga ndubi nyembamba ili iende mbio. Yako iwe nene, iliyozibwa, yenye kukubeba wewe na mwenzako mkiwa mmesimama juu yake. Muijaribu hivyo ufukweni, kwenye maji ya kiunoni, kabla ya kupandisha tanga lolote.

Nitumie vipimo vya ndubi wiki hii. Mbao za msindano zimeshakauka, nasubiri kupasua.

Baba yako