Barua ya wazi kwa Ami, kuhusu siasa za Amitabh

Ami yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nimepata habari kwamba barazani mmeshapitisha hukumu kuwa Amitabh Bachchan, yule mwigizaji wa filamu za Kihindi, amewasaliti, nami nakujibu hadharani kwa sababu wenye rai hiyo hapa Mombasa ni wengi.

Najua chanzo chake. Katika filamu ya Deewaar ya mwaka 1975 alikuwa kuli wa bandari ya Bombay, beji yake ina nambari 786, ambayo kwetu ni Bismillahi, na akakataa kuwalipa wahuni sehemu ya ujira wake. Vijana wa Kilindini wangemwonaje ila mwenzao? Lakini maneno yale, Ami, aliandikiwa na Salim Khan na Javed Akhtar.

Siasa zake mwenyewe zilianza baada ya Indira Gandhi, waziri mkuu wa India, kuuawa, Oktoba 1984, pale Rajiv, mwana wa Indira na rafiki yake Amitabh wa tangu utotoni, alipomtaka agombee ubunge wa Allahabad kwa tiketi ya chama chao cha Congress. Alimbwaga H. N. Bahuguna, aliyewahi kuwa waziri kiongozi wa Uttar Pradesh, kisha mwaka 1987, kashfa ya hongo katika ununuzi wa mizinga ya Bofors, kampuni ya Uswidi, ilipomfikia, akajiuzulu. Ilipita robo karne kabla Sten Lindström, aliyeongoza uchunguzi huo nchini Uswidi, kutamka kwamba hapakuwa na ushahidi dhidi yake. Kampuni yake ilipozama katika madeni, aliyesimama naye ni Amar Singh wa chama cha Samajwadi. Mwaka 2010 akawa balozi wa utalii wa Gujarat, Narendra Modi akiwa waziri kiongozi wa jimbo hilo, na hapo ndipo palipokuchoma, kwani mauaji ya Waislamu huko Gujarat mwaka 2002 hujayasahau, wala mimi sijayasahau.

Katika mwenendo huo mimi sioni itikadi yoyote. Namwona mtu anayemwandama aliyemshika mkono, na ambaye tangu Bofors anaiogopa siasa kuliko anavyoipenda. Tangazo la Gujarat silitetei. Alilikubali akiwa na miaka 67, mtu mzima mwenye akili zake. Lakini msaliti ni yule aliyekuwa na ahadi nanyi, na huyu hakuwaahidi chochote.

Tena mbona hamumtaji Jaya, mkewe, aliyeingia Rajya Sabha, yaani baraza la juu la bunge la India, mwaka 2004 kwa tiketi ya Samajwadi, na ambaye humkabili Modi na chama chake waziwazi humo bungeni?

Mwana wa nduguyo