Shemeji, funguo za pikapu zifiche

Leicester, Uingereza, Jumapili usiku

Shemeji yangu,

Shikamoo. Natumai nyumba nzima ya Chumbageni hamjambo na mguu wa dada umepata nafuu. Tikiti tumeshakata, tunafika Desemba inshallah. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mdogo wako huwa amekaa ubavuni mwangu, na haya sitaki ayasikie nikiyasema.

Mwaka juzi nilikwambia anasahausahau. Sikukwambia yote. Walimpima, wakampiga picha ya ubongo, wakatuambia ni Alzheimer. Si uzee, na tafadhali asije mtu akaanza kutafuta mchawi. Ugonjwa huu mara nyingi huanzia pale ubongo unapohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana kila kona aliyopita na lori la katani kutoka Korogwe hadi bandarini anaijua, ila chai ya asubuhi atakuuliza kama ameinywa.

Huku ukishaambiwa una ugonjwa huo, leseni si siri yako tena. Lazima uwaarifu watu wa leseni walioko Swansea. Ukinyamaza, faini yaweza kufika pauni 1,000. Na bima nao lazima wajue. Alinuna siku tatu. "Nimeendesha miaka 45 sijagonga hata kuku!" (Yule kuku wa Muheza mimi na wewe tunamjua, basi.)

Lakini hawakumnyang'anya papo hapo, na hilo lilinishangaza. Walimwandikia daktari kwanza, kisha akaitwa kupimwa uendeshaji. Alianzia mezani kwa karatasi na kalamu, halafu barabarani, na mpimaji kando yake mwenye breki yake mwenyewe. Mimi nilibaki nje na tasbihi. Ripoti ilisema gia na usukani hana shida. Shida ni kwenye kiplefti, magari yakija kutoka pande mbili, anachelewa kuamua. Wakampa leseni ya mwaka mmoja tu.

Mwaka ule, shemeji, ulikuwa mrefu. Tulikubaliana usiku haendeshi, barabara kuu hagusi, na mimi nikae naye mbele. Nikisema "taa nyekundu hiyo" anakasirika, nisiposema moyo unanitoka. Watoto walitaka aache siku ileile aliyopewa jina la ugonjwa. Mimi nilimtetea. Nilijua gari ndiyo kitu cha mwisho ambacho bado anakifanya kama mwanamume wa zamani, na sijutii sana.

Ijumaa moja mafua yalinilaza, akaenda msikitini peke yake. Ni dakika kumi tu. Alirudi baada ya alasiri. Nilimkuta amekaa ndani ya gari mbele ya nyumba, injini inanguruma, indiketa inapiga tik-tik, mikono yote miwili juu ya usukani. Nikafungua mlango, nikamuuliza alikuwa wapi. Akaniambia kwa upole kabisa, "Naitafuta Barabara ya Kumi na Tatu. Wameibomoa?"

Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani ya Tanga! Hapa Leicester!

Asubuhi yake niliukuta ufunguo ndani ya kopo la sukari. Kama aliuficha au aliusahau humo, sijui. Sikumuuliza. Siku ile akaniambia niandike Swansea, na nieleze wazi kwamba leseni ameirudisha mwenyewe, hakunyang'anywa. Nikaandika hivyohivyo.

Sasa anapanda basi. Wazee huku hawalipi, ila siku za kazi wasubiri hadi saa tatu na nusu asubuhi. Anakaa kiti cha mbele, na basi likikaribia kituo naona mguu wake wa kulia unakanyaga breki.

Tatizo ni kwamba tangu tukate tikiti anaizungumza ile pikapu. "Tanga hakuna Swansea," ananiambia, na anacheka. Kweli hakuna. Kuna baiskeli zisizo na taa, bodaboda wanaochomoka kila kichochoro, na watoto wa madrasa wanaovuka wakikimbia. Nakujua ulivyo na huruma. Atakuomba azunguke uani tu, na utaona anarudisha nyuma vizuri kuliko wewe. Usidanganyike, shemeji. Mikono yake haijasahau kitu. Kilichopungua ni ile nukta ya kuamua, na uani hakuna cha kuamua.

Usimwambie gari ni bovu, atafungua boneti na kuinuka na jibu. Usimkatalie mbele ya vijana. Mwanao ndiye aendeshe, yeye akae mbele, na mwombe amfundishe kijana njia ya Pangani na amsimulie lile lori alilowahi kulikwamua kwenye tope. Hilo atalifanya kutwa nzima, na ataona ni kazi. Akiuliza tena baada ya dakika tano, jibu tena kama hajauliza.

Nawaletea dawa za mguu, na ile blanketi dada aliyoagiza.

Jambo la mwisho. Ufunguo wa akiba ulikuwa ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, tangu enzi za mama. Juzi amenitajia msumari huo bila kuulizwa. Anza na huo.

Ni mimi shemeji yako,
mke wa mdogo wako