Data za kuigiza si data za kughushi

Mhariri,

Wapo wanaosikia kwamba data ya DNA "imetengenezwa" kwenye kompyuta, wakadhani kuna kitu kimeghushiwa. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya dukani kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana. Programu ya kutafuta mabadiliko ya kijeni katika vimelea vya malaria nayo hukaguliwa kwa vipande vya DNA ambavyo majibu yake tunayo tayari. Kasoro ni kwamba jiwe lenyewe mara nyingi huchongwa ovyo.

Chukua wgsim, programu ya kutengeneza vipande vya DNA vya kuigiza, inayopendwa kwa wepesi wake. Usipogusa mipangilio yake, hutoa jozi 1,000,000 za vipande vya herufi 70. Jenomu (DNA yote) ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, ina herufi takriban milioni 23, hivyo hapo umeisoma mara 6 tu. Ukitaka mara 30 kwa vipande vya herufi 150, zidisha milioni 23 kwa 30, ugawe kwa 300 (jozi moja ni 150 mara mbili): jozi milioni 2.3, ziandike kwenye mpangilio wa -N. Kiwango cha makosa, -e, kishushe; 0.02 iliyowekwa humo inazidi makosa ya kawaida ya mashine za Illumina za kusoma DNA. Weka na -h. Bila hiyo, programu huchukulia kromosomu ziko mbili mbili kama zetu, ilhali kimelea kilichomo kwenye damu ya mtu kina seti moja. Taja pia namba ya kuanzia, -S, la sivyo programu itaanzia kwenye saa ya kompyuta na jaribio halitarudiwa lilivyo. Orodha ya mabadiliko yaliyopandikizwa humwagwa kwenye skrini: ielekeze kwenye faili, maana ndiyo karatasi ya majibu. (Wengi huipoteza hapo hapo.)

Hata hivyo wgsim huipa kila herufi alama ileile ya ubora (kiwango cha uhakika wa usomaji), jambo ambalo mashine halisi haifanyi. ART, programu nyingine ya aina hiyo, huiga makosa ya mashine vizuri zaidi, lakini haipandikizi mabadiliko. Yatie kwanza kwenye jenomu rejea (ile ya kulinganishia), ndipo uiendeshe.

Mgonjwa huweza kubeba aina mbili za vimelea kwa pamoja. Kuiga hali hiyo, changanya mafaili mawili ya vipande, moja kwa kila aina, 90 kwa 10: kwa kina cha kusoma mara 30, aina ndogo hupata vipande 3 hivi kila mahali, rahisi kudhaniwa makosa. Kwa mara 200 hupata 20.

Tena jenomu hii ni A na T kwa asilimia 80 hivi. Maabara husoma maeneo hayo kwa shida. Wgsim huyasoma yote sawasawa. Programu iliyopata asilimia 99 kwenye jaribio isitangazwe kwamba itapata asilimia 99 kwa damu ya mgonjwa wa Muheza.

Wachambuzi wa data za jenomu,
Dar es Salaam