Tulipumzishwa kulipa mikopo, riba haikupumzika

Kwa Mhariri,

Mimi huuza mitumba hapa Kibuye, Kisumu. Corona ilipoingia Machi 2020, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mitumba mwezi haujaisha, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Agosti. Mkopo wangu wa benki ulikuwa umebaki shilingi 240,000.

Benki Kuu ilikuwa imetangaza, tarehe 18 Machi, kwamba aliyeumizwa na corona azungumze na benki yake aongezewe muda, na gharama za kuongeza muda zibebwe na benki. Nikaenda. Afisa wa mikopo alinipokea vizuri, akanipa fomu, nikatia sahihi, nikapumzishwa miezi sita. Nilitoka pale nikimshukuru Mungu.

Muda ulipokwisha nikaomba taarifa ya mkopo. Deni lilikuwa 255,600. Niliisoma karatasi ile mara tatu nikiwa nimesimama kaunta. Riba ya asilimia 13 kwa mwaka ilikuwa ikihesabiwa tu, shilingi 2,600 kila mwezi, hata ile miezi ambayo sikuwa na soksi ya kuuza. Gharama walizobeba wao zilikuwa za makaratasi. Riba ilikuwa yangu.

Sisemi benki ziliiba. Mwaka 2020 zilitenga mabilioni zikihofia hatutalipa, faida ikashuka. Wengi wetu tulilipa, kwa kujinyima. Mwaka uliofuata hazikuhitaji kutenga kiasi kile, na pesa nyingine zilikuwa zimekopeshwa serikali kupitia hati fungani, kwa mdeni asiyefungiwa soko. Faida ya Equity baada ya kodi ikapanda kutoka shilingi bilioni 20.1 hadi 40.1, ya KCB kutoka 19.6 hadi 34.2. Sehemu ya fedha hizo ni riba ya watu waliodhani wamehurumiwa.

Naiomba Benki Kuu: likija janga jingine, benki imwandikie mteja kabla hajatia sahihi, kwa Kiswahili chepesi, kwa shilingi wala si asilimia, kwamba ukipumzika miezi sita deni lako litaongezeka kiasi hiki. Ningeiona ile 15,600 siku ile, ningeomba miezi miwili tu na kuuza cherehani yangu niendelee kulipa. Cherehani niliiuza hata hivyo, mwaka uliofuata, na pesa yote ikaishia kwenye riba.

Muuza mitumba,
Kibuye, Kisumu