Mhariri, kudunga sindano hakusomewi kwenye simu

Mhariri,

Kwanza pole na kazi. Mimi ni nesi huku Kwale na hii barua naiandika nikiwa nimetoka zamu ya usiku, kwa hivyo nikiruka mahali utanisamehe. Kilichonifanya nishike simu ni tangazo nililotumiwa WhatsApp na shangazi yangu, ana binti yake amemaliza fomu foo na anatafuta kozi ya kumpeleka. Tangazo lenyewe lasema soma kutunza wagonjwa na wazee, wiki chache tu, masomo yote onlaini, hutoki nyumbani, cheti unapata na kazi ng'ambo inakungoja. Shangazi naye chini yake ameniandikia, "Mwanangu, si hata wewe ulisoma hivi hivi wakati wa korona na sasa uko kazini?"

Siku mbili nimeshindwa kumjibu, manake jibu ni ndio na pia sio.

Ni kweli nilisoma hivyo. Machi 2020, Jumapili ya tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule na vyuo vifungwe, sisi wa vyuo tukapewa hadi Ijumaa tarehe 20 tuwe tumetoka. Nikapanda matatu na begi moja na vitabu viwili nikidhani ni likizo ya wiki mbili tatu. Kumbe! Ikaja kafyu, ikaja Aprili wakafunga Mombasa, Kilifi na Kwale hatoki mtu haingii mtu, Kilifi na Kwale mpaka Juni, Mombasa mpaka Julai, na sisi tuko nyumbani tumekaa tu, na ndipo chuo kikaanza kututumia linki za Zoom.

Kwetu ni upande wa Kinango ndani ndani, mtandao unashika chini ya mkanju mmoja nyuma ya zizi la mbuzi. Nilikuwa natoka na mkeka na simu yangu ya kioo kilichopasuka, na bando la kununuliwa na mamangu aliyekuwa anauza mahamri. Somo likiwa la kusikiliza, mambo sawa. Tena niseme ukweli, vitu vingine nilivielewa vizuri kuliko darasani, kama hesabu za dripu. Dripu ya mililita 1000 iishe kwa saa 8, seti yako inatoa matone 20 kwa mililita moja, basi ni kama matone 42 kwa dakika. Hiyo nilielewa pale pale mkekani na video nikairudia mara tatu na hakuna aliyenicheka. Kwa hivyo mimi si mtu wa kutukana masomo ya onlaini, yana mahali pake.

Shida ilianza tulipofika mambo ya mkono.

Siku ya kujifunza kupima presha mwalimu alivaa stetoskopu mbele ya kamera, akafunga kile kitambaa kwenye mkono wa mwenzake, akapuliza, akaanza kuachia hewa polepole akisema sasa sikilizeni ile tuk ya kwanza ndiyo namba ya juu, na ikipotea ndiyo namba ya chini. Tulikuwa wengi kwenye hiyo Zoom na hakuna aliyesikia tuk yoyote, ingesikika vipi wakati iko kwenye masikio yake yeye? Mmoja akaandika kwa chati "mwalimu hatusikii", mwalimu akafikiri ni maiki akaanza kusogeza maiki. Mpaka leo nikikumbuka nacheka, lakini siku ile tuliandikiwa kwamba presha tumemaliza.

Ya sindano ndiyo hasa. Chanjo ya BCG ya mtoto mchanga, ile ya kukinga kifua kikuu, si ya kudungwa msulini kama zile zingine. Inaingia kwenye ngozi yenyewe, juu juu, mkono wa kushoto sehemu ya chini ya kiwiko, dawa ni mililita 0.05 tu, na bomba unalilaza mpaka linakaribia kulala sambamba na ngozi. Ukipatia, panainuka kiuvimbe kidogo cheupe chenye vishimo kama ganda la chungwa. Ukikosea ukaenda ndani sana hakiinuki kitu, na kidonda chake baadaye kinaweza kusumbua. Sasa tuliambiwa kila mtu atafute chungwa afanyie mazoezi. Machungwa sikuwa nayo ila maembe yalikuwepo, nikaenda duka la dawa za mifugo nikanunua bomba na sindano za kuku, nikakaa chini ya mkanju nadunga embe. Wiki mbili nadunga embe! Ndugu zangu wakakataa kuyala yakapewa mbuzi. Nikapiga picha nikatuma, nikajibiwa vizuri sana endelea.

Lakini embe halina kiuvimbe. Embe halilii, halitupi miguu, na hakuna mamake embe anayekukodolea macho akisubiri kuona kama unajua unachofanya. Siku ya kwanza nimepewa mtoto wa kweli kliniki, mikono ilinitetemeka mpaka sista aliyenisimamia akaninyang'anya bomba kabla sijafika ngozini, taratibu, bila kunikemea mbele ya yule mama. Akaniambia baadaye, "Wewe unashika kama unadunga kuku." Hakujua kwamba ni kweli.

Na hata huko kliniki tulichelewa kufika. Vyuo vilipofunguliwa hospitali hazikututaka, na siwalaumu, barakoa na glavu zenyewe hazikuwatosha wafanyakazi, nani ampe mwanafunzi? Tukangoja. Disemba 2020 manesi na maafisa wa kliniki wakagoma, mgomo ukavuka mwaka, wodi za kaunti zikabaki tupu na wa kutufundisha wakawa hawapo. Wakati huo huo vile vitabu vyetu vya kujaza kazi tulizofanya kwa mkono vilikuwa vinasainiwa. Yaani kuna mistari kwenye kitabu changu inasema nimefanya, na mimi nilikuwa nimetazama tu. Chuo sikitaji, na najua si sisi peke yetu.

Aliyeniokoa ni mkunga mmoja mzee, karibu kustaafu wakati huo. Usiku mmoja mama amejifungua salama, kondo limetoka, mimi nimeandika kila kitu kwenye karatasi vizuri kabisa. Akaniuliza, "Tumbo liko vipi?" Nikaanza kumsomea yale ya Zoom, kwamba mfuko wa uzazi unatakiwa uwe umekaza usawa wa kitovu na damu isizidi mililita 500. Akanyamaza. Akachukua mkono wangu akauweka juu ya tumbo la yule mama na wake juu ya wangu, akaukandamiza. "Sikia." Nikasema nasikia. "Hujasikia, sikia tena." Palikuwa laini, kama unga uliokandwa ukazidi maji. Akaanza kusugua kwa kuzungusha, mkono wangu uko katikati, na taratibu nikaanza kusikia kitu kinajikusanya chini ya kiganja, kinakaza, mpaka kikawa kigumu kama dafu. Damu iliyokuwa inatiririka ikapungua. Ilikuwa dakika chache sana hizo. Kama angekuwa ni mimi peke yangu na ile karatasi yangu safi, yule mama angeendelea kuvuja huku mimi naandika.

Kiswahili chetu kinasema kusikia kwa sikio na kusikia kwa mkono, neno ni hilo hilo. Simu inaweza la kwanza.

Ndio maana tangazo la shangazi limeniudhi. Sisi tulisomea kwenye simu kwa sababu nje kulikuwa na ugonjwa na polisi wa kafyu. Leo kafyu iko wapi? Hospitali ziko wazi, wazee wa kugeuzwa kitandani wasipate vidonda vya mgongo wako kila kijiji, matatu zinatembea, halafu mtu anakaa ofisini anauza ile dharura yetu kama ni starehe, ati hutoki nyumbani! Halafu binti wa watu ambaye hajawahi kuinua mtu anapandishwa ndege kwenda Ghuba au Ulaya kumuinua mzee wa kilo tisini, mzee akianguka nani atalaumiwa? Si mwenye linki.

Sisi tuliosoma mwaka ule kazini tunaitwa manesi wa Zoom. Utani tu, lakini ungeisha haraka kama wakubwa wetu wa kaunti wangetupangia hata wiki kadhaa za kurudi wodini chini ya wakunga wa zamani kabla hawajastaafu wote, bila kutulipisha. Wengi wetu tumejaziliza kwa kuomba omba zamu za ziada, wengine hawakupata bahati ya kukutana na mzee kama wangu, na wanaona aibu kusema hawajui wakati kitabu chao kimesainiwa.

Shangazi nimemjibu leo asubuhi. Nimemwambia awapigie simu hao wa tangazo awaulize mambo matatu tu: binti atakaa wodi gani, siku ngapi, na nani atamshika mkono. Amepiga. Wamemwambia watamtumia linki.

Nesi,
Kwale