Mwanangu hakuhitaji fimbo ya tano

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu ameandika kwenye ukurasa huu kwamba dawa ya mtoto mkaidi ni kiboko. Naomba nafasi nimjibu, maana dawa hiyo nimeitumia miaka miwili na najua ilikonifikisha.

Mimi ni fundi cherehani. Mwanangu wa pili ana miaka 8. Tangu ana mitano, neno lake la asubuhi lilikuwa "sitaki". Oga, sitaki. Vaa viatu, sitaki. Ukimkatalia, analipiza. Siku moja nilimnyima mia mbili ya ubuyu, akachukua mkasi, akakichana kitenge cha mteja huku ananitazama usoni. Nilimpiga mpaka mwiko ukavunjika. Kesho yake akamwagia cherehani maji. Shuleni nako alichapwa zaidi ya fimbo nne, ambazo ndiyo mwisho kwa kanuni za viboko shuleni za mwaka 2002, wala hazikuandikwa kitabuni kama kanuni hizo zinavyotaka. Alirudi mkali kuliko alivyokwenda. Wakwe wakasema ana jini, tukamnywesha kombe.

Aliyetufaa ni muuguzi wa kliniki ya afya ya akili. Alimpima masikio, akauliza habari za usingizi, degedege, na ugomvi wa mimi na baba yake. Akauliza vurugu zina muda gani, kwa sababu ili zihesabiwe kuwa ugonjwa lazima ziwe zimedumu angalau miezi 6, tena zisiwe za kugombana na ndugu zake tu. Nikaomba vidonge vya kumtuliza.

"Mama, ukaidi wenyewe hauna kidonge," akasema. "Angekuwa na tatizo jingine juu yake, kama kushindwa kabisa kutulia, hilo lina dawa zake. Hapa tunaanza na wewe."

Nilikasirika, nikaona kama nimeambiwa mgonjwa ni mimi.

Kazi ya kwanza: kila siku dakika 10 nikae naye chini, acheze anachotaka yeye. Nisimuulize, nisimwelekeze, nitaje tu ninachokiona. Alichagua kopo langu la vifungo. Tukakaa mkekani, yeye anavipanga, mimi nasema, "Umeweka chekundu juu ya cheusi." Siku ya nne akainua kichwa: "Mama, leo hunigombezi?" Nilishindwa kumjibu.

Kisha nikafundishwa kutoa amri moja moja, nikiwa karibu naye, si kupiga kelele kutoka jikoni. Akitii, nimsifu palepale na nitaje alichofanya. Akinuna na kunung'unika, nijifanye sioni. Akimpiga mtu, akae kigodani dakika chache, bila hotuba. Wiki ya pili alizidi, na nilikuwa nimeshaonywa kwamba mtoto hukazana na mbinu yake ya zamani kabla hajaiacha. Baba yake naye ilibidi aje kliniki, maana nilikuwa nikimkalisha kigodani, yeye anamwita waende dukani.

Huu ni mwezi wa saba tangu tuanze. "Sitaki" bado ipo, ila si ya kila asubuhi. Mkasi nikiuomba ananiletea, ameushika upande wa makali, mpini ananielekezea mimi.

Tulikwenda mara nane. Kila safari ni nauli na siku ya kazi iliyopotea. Wazazi wawili tulioanza pamoja waliacha kwa sababu hiyo, na watoto wao walikuwa wameanza kubadilika. Matibabu haya hayana mashine wala maabara. Yanataka mtu aliyefunzwa, benchi, na saa moja. Shirika la Afya Duniani lenyewe mwaka 2023 lilitoa mwongozo wa kuwafundisha wazazi malezi ya namna hii. Sisi akina mama tupo zahanati za kata kila mwezi tukipima watoto uzito. Wizara iwafunze wauguzi wa pale, na siku moja ya mwezi iwe ya wazazi wenye watoto kama wangu, baba na mama, pamoja na mwalimu wa darasa akiweza kufika.

Huyo msomaji mwenzangu, kama ana mtoto wa namna hii nyumbani, naomba ajaribu zile dakika 10 kwa wiki mbili kabla hajakata fimbo nyingine.

Fundi cherehani,
Kihonda, Morogoro