Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Kilwa: Kilwa ipi, Mheshimiwa?

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Salaam. Nakuandikia hadharani kwa sababu nikikuletea jambo hili ofisini nitaulizwa ni la idara gani, nami sitakuwa na jibu. Si la ardhi, si la afya, wala si ugomvi wa mkulima na mfugaji. Ni la jina.

Mwaka jana tulimzika baba yangu mdogo, Kilwa Kivinje. Taarifa ilitoka jioni kwenye kundi la ukoo: "Mazishi kesho Kilwa, baada ya adhuhuri." Wakwe zetu wanaoishi Tabata, watu wa Tanga ambao Kusini hawakuwahi kufika, wakapanda basi alfajiri pale Mbagala. Tiketi imeandikwa "Dar – Kilwa". Walimuuliza kondakta kama gari linafika Kilwa, akajibu linafika, na kweli likafika. Likawashusha Kilwa Masoko, mji mwingine.

Wakauliza palipo na msiba. Siku hiyo Masoko nako kulikuwa na msiba, basi wakapelekwa kwa heshima zote. Wakapewa mkeka, wakakaa, na kwa kuwa mkwe hawezi kwenda msibani mikono mitupu, wakatoa rambirambi. Mama mkwe alishaanza kulia. Waliposikia marehemu akitajwa kuwa ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja ndipo walipotazamana. Walitufikia Kivinje kwa bodaboda, kama kilomita 25 hivi, tukiwa tumeshafukia na watu wanatawanyika. Ile rambirambi hawakuidai. Wangeanzaje?

Kondakta simlaumu, maana hakusema uongo. Mpwa wangu aliyeandika ile taarifa nilimlaumu kidogo, kisha nikaona hata yeye ameandika kama karatasi zote zinavyoandika. Sisi wenyeji hatusemi Kilwa. Tunasema naenda Masoko, katoka Kivinje, kavuka Kisiwani. Kilwa tupu, isiyo na neno la pili, ni ya mgeni na ya karatasi, na karatasi nyingi zinatoka kwenye ofisi za umma, ikiwemo yako. Ndiyo maana barua nimeielekeza kwako.

Ipo na sababu nyingine. Ukifuatilia historia utaona Kilwa tupu haijawahi kukaa mahali pamoja. Imekuwa ikifuata kiti.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipoteremka Kilwa mwaka 1331 aliteremka Kisiwani, na enzi hizo neno la pili halikuwa na kazi. Huko ndiko kulikokaa sultani aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, ndiko zilikotengenezwa sarafu za shaba, na ndiko ilikopitia dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo. Masimulizi yanasema Ali bin al-Hasan, mtu wa Shirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia chote. Aliyeiona mikoko ya Kisiwani atamhurumia aliyepewa kazi ya kuzitandaza. Wareno walipoivamia mwaka 1505 waliandika Quiloa, nao walimaanisha Kisiwani hichohicho, ambacho pamoja na Songo Mnara kiliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981.

Karne ya 19 ilipofika, misafara ya pembe na ya watumwa kutoka upande wa Nyasa ikawa inashukia Kivinje. Mfanyabiashara wa Unguja aliyesema fedha zake ziko Kilwa alimaanisha Kivinje, siyo kisiwa. Wajerumani nao wakaweka boma lao Kivinje, na wilaya nzima wakaiita Kilwa. Hapo Kivinje ndipo walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyeupinga utawala wao, mwaka 1895. Mwembe uliotumika kunyongea watu ndio uliotuachia jina la Mwembe Kinyonga. Wageni hudhani ulikuwa na vinyonga wengi, na watoto wa Kivinje wa siku hizi wanaanza kudhani hivyohivyo. Hilo, Mheshimiwa, linastahili barua yake.

Baadaye ofisi zikahamia Masoko, na jina likafungasha likazifuata. Leo basi linaloandikwa Kilwa linakwenda Masoko kwa sababu wewe umekaa Masoko. Kesho serikali ikikuhamishia Nangurukuru, kule njia panda, basi la Kilwa litaishia Nangurukuru, na wakwe zetu watapotea upya.

Laiti ingekuwa ni hizo tatu tu. Hapa Dar es Salaam ninapoishi kuna Barabara ya Kilwa, inayopita Mivinjeni, Mtoni na Mbagala kuelekea kwenu, na watu huikata kwa kusema "niko Kilwa Road". Kuna hospitali ya polisi inayoitwa Kilwa Road. Jirani yangu aliwahi kupigiwa simu ameambiwa kaka yake amelazwa "Kilwa", akaanza kutafuta nauli ya zaidi ya kilomita 300 wakati mgonjwa yuko Temeke, mwendo wa daladala moja. Na Barabara ya Kilwa hiyohiyo ina Kongowe yake, ilhali Kibaha nako kuna Kongowe. Lakini watu wa Dar walishazoea kuulizana, "Ya Mbagala au ya Kibaha?" Kwa Kilwa bado hatujajifunza kuuliza.

Vuka mipaka sasa. Kwenye Ziwa Mweru kuna kisiwa cha Kilwa, ni cha Zambia, na ng'ambo yake upande wa Katanga kuna mji wa Kilwa, wa Kongo, ambako watu wanazungumza Kiswahili kama sisi ila kwa lafudhi yao. Kilwa nyingine iko jangwani Saudia, mkoa wa Tabuk, karibu na mpaka wa Jordan, yenye michoro ya kale kwenye mawe. Binti yangu akiwa sekondari alipewa kazi ya kuandika habari za Kilwa, akaingia kwenye intaneti, akarudi sebuleni macho yamemtoka: "Baba, kwenu waliuawa watu zaidi ya 70 na jeshi, mwaka 2004?" Ilikuwa ni Kilwa ya Katanga, Oktoba 2004. Nilimweleza kuwa hao ni wajina wetu, nikatamani kuongeza kuwa hayatuhusu, nikashindwa. Mtu akiwa somo yako, msiba wake unakugusa hata kama hamjawahi kuonana.

Wanaonifurahisha ni wanajiolojia. Wao wamelipa jina la Kilwa kundi zima la matabaka ya miamba ya pwani ile, yaliyojengeka chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, yenye mabaki ya viumbe vidogo vya baharini yaliyohifadhika vizuri ajabu. Kisha wakaona Kilwa peke yake haitoshi. Matabaka wakayagawa na kuyapa majina: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande. Jiwe lina jina la pili, Mheshimiwa, na abiria aliyelipa nauli hana.

Sikuombi ubadilishe jina. Hakuna Kilwa inayopaswa kuvuliwa Kilwa. Naomba neno la pili lichukuliwe kuwa ni sehemu ya jina, kama jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa. Tangazo likitoka ofisini kwako kwamba kuna mkutano wa hadhara Kilwa, liseme Kilwa Masoko. Kwenye vikao vyako na wasafirishaji, waombe tiketi iandike Kilwa Kivinje au Kilwa Masoko, na anayeshukia njia panda aandikiwe Nangurukuru. Wino utakaoongezeka ni wa neno moja. Mwaka 2022 nchi nzima tulibandikiwa namba za nyumba na vibao vya mitaa, na nyumba yetu ya Kivinje ikapata namba yake safi kabisa, lakini namba ya nyumba haimsaidii mtu ambaye yuko mji mwingine.

Na pale Nangurukuru, basi linaposimama na vijana wanapokimbilia madirishani na korosho, isimame mbao moja yenye mishale: Kivinje, palipopewa jina na mivinje; Masoko, makao ya wilaya; Kisiwani, kwa kuvuka maji kutoka Masoko. Mafundi wa kuandika tunao, na mmoja wao ni binamu yangu, ingawa simpigii debe. (Nampigia kidogo.)

Arobaini ya baba mdogo wakwe walikuja tena. Safari hiyo nilikwenda mwenyewe njia panda tangu saa nne asubuhi, nikakaa chini ya mti nikitazama kila basi linalosimama. Mama mkwe aliposhuka, kabla hata hajanisalimu, aliniuliza, "Hii sasa ndiyo yenyewe?"

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzaliwa wa Kilwa Kivinje,
Mkazi wa Mbagala, Barabara ya Kilwa,
Dar es Salaam.